Maji ya Samaki wa Nyumbani

Nchi ya Punia ina maji mengi. Vijito vya msituni vyashuka kuingia Ulindi na Lowa, na mito hiyo miwili yaenda kuingia Lualaba, ule mto mkubwa upitao Kindu. Mahali penye machimbo ya kasiteriti maji ya vijito huwa na rangi ya udongo, kwa maana wachimbaji huosha mchanga humo ili watenge mawe mazito yenye bati. Mtu akisimama ndani ya maji hayo mpaka magotini, haioni miguu yake mwenyewe. Hata hivyo mvuvi akitupa ndoana yake mtoni, jioni hurudi na samaki.

Sasa tuweke mfano. Mtoto wa mvuvi achukua samaki watatu wadogo walio hai, awatia katika beseni kubwa. Amechota maji ya chemchemi, maangavu kabisa. Kila siku awapa unga wa ndagala, tena si kidogo, kwa kuwa awapenda. Siku ya kwanza waogelea vizuri. Siku ya pili wapanda juu na kuachama midomo. Siku ya tano asubuhi wote wako tumbo juu, na maji bado yang’aa.

Basi, ni nini iliyowaua? Katika maji ya tope waliishi, na katika maji ya kung’aa wamekufa. Mtoto adhani walikufa kwa njaa. Kama angaliwapa chakula zaidi, wangalikufa siku ya tatu.

Kila mnyama alaye hutoa taka. Samaki hutoa choo kama wanyama wengine, lakini taka yake iliyo mbaya zaidi haionekani hata kidogo. Chakula chenye nyama au samaki kikiisha kufanya kazi mwilini, hubaki sumu iitwayo amonia. Kila mtu aliyefuga kuku katika kibanda kisichopitisha hewa aijua harufu yake: ndiyo ile inayowasha pua na macho. Sisi wanadamu tunaigeuza sumu hiyo mwilini, kisha twaitoa katika mkojo. Samaki hana haja ya kujisumbua hivyo. Yeye huitoa moja kwa moja katika maji, na sehemu kubwa hutoka kwa matamvua, yaani zile nyuzi nyekundu chini ya kifuniko cha shavu ambazo kwazo apumua. Kwa hiyo samaki anapovuta pumzi, papo hapo atia sumu katika maji yake.

Tufanye hesabu. Katika gramu 100 za chakula kizuri cha samaki, karibu gramu 3 hutoka kuwa amonia. Mtoto yule alitia gramu moja kila siku katika beseni la lita 10. Gramu moja ya chakula yatoa miligramu 30 za sumu, yaani miligramu 3 katika kila lita ya maji. Hiyo ni siku ya kwanza. Siku ya tatu ni 9, siku ya tano ni 15. Tena chakula kisicholiwa kikaoza chini, kikaongeza sumu na kula hewa iliyomo majini. Samaki wakaunguzwa matamvua na kukosa hewa pamoja.

Mtoni jambo hili halitokei. Sababu ya kwanza ni rahisi: mto ni mkubwa, nao hauachi kwenda. Sababu ya pili yataka kuelezwa polepole. Shika jiwe lililolala mtoni siku nyingi, lipapase kwa kidole. Lateleza. Watu huuita utelezi ule uchafu, na mama akifua nguo juu ya jiwe hilo hulisugua kwanza. Lakini ndani ya utelezi ule wamo viumbe wadogo mno, vidudu waitwao bakteria, na baadhi yao chakula chao ni ile amonia. Wanaishika ipitapo, wanaigeuza. Tope laweza kuziba macho ya mtazamaji, na likizidi sana laziba hata matamvua ya samaki, lakini tope si amonia. Macho hayawezi kupima sumu ya maji.

Hapo kwanza hata wataalamu hawakujua hayo. Mwaka 1850 Mwingereza Robert Warington, mtu wa elimu ya kemia, alieleza jinsi alivyofuga samaki wawili wa rangi ya dhahabu mjini London katika chombo cha kioo, pamoja na majani ya majini na konokono. Majani yalitoa hewa, konokono walikula majani yaliyooza. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, na watu wengi wakatamani sanduku la kioo nyumbani mwao. Samaki wao wengi walikufa. Fundi mmoja, William Alford Lloyd, alijenga nyumba kubwa ya samaki katika Crystal Palace, karibu na London, iliyofunguliwa mwaka 1871. Chini ya masanduku yake aliweka birika la giza lenye maji mengi kuliko masanduku yote yaliyo juu, na mashine ikazungusha maji usiku na mchana. Lloyd alikuwa amekwisha kuona ya kuwa maji yazungukayo hubaki mazima. Kwa nini yawe mazima, hilo lilikuwa bado.

Jibu lilitoka Ufaransa, wala si kwa wafugaji wa samaki. Mwaka 1877 mabwana wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walichukua bomba pana lenye urefu wa mita moja, wakalijaza mchanga uliochomwa motoni, uliochanganywa na unga wa mawe ya chokaa. Wakapitisha humo maji machafu ya mji, matone kwa matone. Siku 20 hapakuwa na badiliko lolote: amonia iliyoingia juu ilitoka chini vilevile. Wengine wangalichoka na kuvunja bomba. Wao wakangoja. Kisha amonia ikaanza kupungua, na mahali pake pakatokea kitu kingine, nitrati, ile chumvi inayostawisha mimea shambani. Mwishowe amonia ikaisha kabisa.

Sasa fikiri kama walivyofikiri wao. Ikiwa kazi ile ilifanywa na mchanga na chokaa, mbona ilichelewa siku 20? Mchanga ni mchanga, hauna haja ya kujifunza. Wakatia ndani mvuke wa klorofomu, dawa inayolaza viumbe vyenye uhai. Kazi ikakoma. Wakaondoa mvuke, kazi haikurudi. Ndipo wakatia maji kidogo yaliyochanganywa na udongo wa shamba, na baada ya siku kadhaa kazi ikaanza tena. Basi wafanya kazi walikuwa viumbe hai, nao walikuwa wametoka udongoni. Yapata mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky, aliyekuwa akifanya kazi Zürich, Uswisi, aliweza kuwatenga vidudu hao peke yao. Akaonyesha ya kuwa wako kabila mbili. Wa kwanza wanageuza amonia kuwa nitriti. Wa pili wanageuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu: huingia katika damu ya samaki na kuifanya iwe ya kahawia, isiweze kuchukua hewa vizuri. Nitrati ndiyo pole, yaweza kuvumiliwa mpaka maji yabadilishwe.

Hii ndiyo maana ya chujio katika sanduku la samaki. Neno chujio linatudanganya kidogo, kwani twafikiri chujio la chai au la tui. Kushika takataka ni kazi yake ndogo. Kazi yake kubwa ni kuwa nyumba ya vidudu hao.

Katika nchi zetu samaki wanaotafutwa sana kwa masanduku makubwa ni wale wa Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki ya Maniema. Mbelgiji Pierre Brichard alifanya kazi miaka mingi huko Burundi ya kukamata samaki wa ziwa hilo na kuwapeleka ng’ambo wakiwa hai. Mwaka 1978 kikatoka kitabu chake kikubwa juu yao. Samaki mmoja mdogo mwenye mapezi marefu amepewa jina kwa heshima yake. Lakini mkubwa wa masanduku ni yule aitwaye na wataalamu Cyphotilapia, mwenye nundu kichwani na mapande meusi mwilini. Huweza kupita sentimeta 30, naye hapendi kukaa peke yake. Mtu hawezi kumweka katika beseni.

Na maji ya Tanganyika si kama maji ya Punia. Maji ya msituni ni laini, hayana chokaa nyingi, na mara nyingi yana uchachu kidogo kwa sababu ya majani yaozayo. Maji ya Tanganyika yana chumvi za mawe na yaelekea magadi. Tofauti hiyo ni kubwa kwa samaki, kwa sababu katika maji ya magadi amonia huwa kali zaidi. Kiasi kile kile cha amonia, katika maji ya namna ya Tanganyika, chaweza kuwa na ukali mara 40 na zaidi kuliko katika maji yasiyo machachu wala magadi. Kwa hiyo mwenye samaki wa Tanganyika hana nafasi ya kukosea. Lakini maji laini nayo yana shida yake: vidudu wetu wakifanya kazi huyatia uchachu, na uchachu ukizidi wao wenyewe hulegea mpaka karibu waache kazi. Dawa yake ni ile ile waliyoitia Schloesing na Müntz katika bomba lao bila kuwaza samaki: mawe ya chokaa. Maganda ya konokono yaliyooshwa vizuri yafaa pia.

Basi tutazame sanduku lenyewe. Tuseme lina urefu wa sentimeta 150, upana 60 na kimo 60. Zidisha: lachukua lita 540. Maji hayo peke yake ni kilo 540. Ongeza kioo kinene na mchanga na mawe, yafika kama kilo 700. Ni uzito wa magunia saba makubwa, yote mahali pamoja. Kwa hiyo fundi haanzi na chujio wala pampu. Aanza na sakafu, na meza ya mbao ngumu au ya chuma iliyopimwa kwa pima-maji. Meza ikiinama upande mmoja, kioo kitapasuka siku moja, na kwa kawaida huwa ni usiku.

Chini ya meza huwekwa sanduku la pili, dogo, kama birika la Lloyd. Tuseme urefu wake ni 90, upana 45, kimo 45. Maji ya juu hushuka kwa bomba lililo karibu na ukingo, yaani yakifika kimo chake hujimwagia yenyewe. Yakifika chini hupita vyumba vitatu vilivyotengwa kwa vipande vya kioo. Katika chumba cha kwanza pana sifongo nene, ili kukamata choo na mabaki ya chakula. Chumba cha pili ni kikubwa kuliko vingine, kwa kuwa ndimo makao ya vidudu. Katika chumba cha tatu pana pampu, nayo hurudisha maji juu.

Katika chumba cha pili utie nini? Madukani huuzwa vigae vya udongo na vipira vya plastiki, tena kwa bei kali. Lakini kinachotakiwa ni kitu kigumu kisichooza, chenye matundu mengi, kwa sababu kila tundu lina kuta, na vidudu hukaa juu ya kuta. Goma watu wanajenga nyua zao kwa jiwe kama hilo. Ni lava, moto ulioganda, uliotoka mlima Nyiragongo, kama mwaka 1977, 2002 na 2021. Jiwe la lava ni jepesi na limejaa vitundu kama mkate. Lipondwe vipande vya ukubwa wa yai, lisuguliwe kwa maji mpaka vumbi liishe, lipangwe pasipo kushindiliwa. Changarawe ya mtoni nayo yafaa, lakini kwa kuwa haina vitundu sharti iwe nyingi zaidi.

Pampu izungushe maji yote mara tatu au nne kwa saa moja. Kwa sanduku letu ni karibu lita 2000. Hesabu iliyoandikwa juu ya pampu isiaminiwe upesi, kwani imepimwa maji yasipopanda. Yakipanda mita moja na nusu, hupungua sana. Maji yarudipo yaanguke juu yenye kuvunjika-vunjika, kwa sababu vidudu wanahitaji hewa kama samaki, na maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji ya baridi. Katika joto la Maniema jambo hili si dogo.

Hapa pana hesabu nyingine, ambayo mafundi wengi wameijua baada ya kufagia maji nyumbani. Umeme ukikatika, pampu husimama. Kama mdomo wa bomba la kurudishia umezama sentimeta 20 ndani ya sanduku la juu, maji hugeuka na kushuka kwa bomba lile lile, yanyonywavyo kwa mpira, mpaka mdomo ubaki wazi. Sentimeta moja ya sanduku letu ni lita 9. Sentimeta 20 ni lita 180. Sanduku la chini lachukua lita 182 likiwa tupu, lakini si tupu, limekwisha kujazwa maji mpaka sentimeta 30, yaani lita 121. Imebaki nafasi ya lita 61. Basi lita 119 zitaenda chini ya kitanda. Dawa ni kutoboa tundu dogo katika bomba, chini kidogo ya uso wa maji. Uso ukishuka, tundu hunyonya hewa, na maji hukoma. Tundu hilo liangaliwe kila juma, kwani konokono mdogo hupenda kuliziba.

Sanduku likiisha kujazwa na maji yakizunguka vizuri, kila mtu wa nyumba atataka kuona samaki siku ile ile. Hapa ndipo wanapouawa samaki wengi kuliko mahali pengine pote. Vyumba viko tayari, lakini wapangaji hawajafika. Wakumbuke siku 20 za Schloesing na Müntz. Katika sanduku kazi yote huchukua majuma manne mpaka sita, kwa sababu lazima kabila ya kwanza iongezeke kwanza ili kabila ya pili ipate chakula. Wakati huo hutiwa chakula kidogo kama kwamba samaki wamo, kisioze sana, na maji hupimwa kwa dawa za rangi. Amonia hupanda, kisha hushuka. Nitriti hupanda nyuma yake, nayo hushuka. Zote mbili zikiwa hazionekani tena katika kipimo, samaki wawili watatu waweza kuingia, na wengine baada ya majuma kadhaa. Mwenye jirani aliye na sanduku la zamani ana bahati. Akipewa kipande cha sifongo iliyotumika, huko ni sawa na kupewa mbegu, na siku za kungoja hupungua sana. Kipande hicho kibebwe ndani ya maji ya sanduku lilikotoka. Kikikauka njiani, mbegu imekufa.

Baadaye kazi si nyingi. Kila juma sehemu moja katika tano ya maji hutolewa na kuwekwa maji mapya, ili nitrati isizidi. Maji ya bomba la mjini yaliyotiwa klori huachwa usiku kucha katika chombo wazi, kwa kuwa klori imewekwa ili kuua vidudu, nayo haichagui. Sifongo ikijaa hukamuliwa katika ndoo yenye maji ya sanduku lenyewe. Mawe ya lava huachwa. Mtu mwenye kupenda usafi kupita kiasi, akiyasugua kwa sabuni mpaka yawe meusi yanang’aa, amefukuza wafanya kazi wake wote, na baada ya siku chache atauliza kwa nini samaki wamefia katika maji mazuri kama haya. Tena mtu asidhani maji haya yafaa kunywewa. Yamefanywa mema kwa samaki tu.

Imebaki shida ya umeme. Mahali penye paneli za jua na betri, kuna usiku ambao betri hufa kabla ya jogoo. Maji yakisimama, vidudu waliojaa katika chumba cha pili humaliza hewa iliyomo kwa muda wa saa chache, kisha waanza kufa. Umeme ukikosekana nusu siku, maji ya chumba hicho yachotwe na kutupwa kabla pampu haijawashwa tena, maana yameharibika. Na katika usiku kama huo samaki wasipewe chakula. Watoto wachukue kikombe, wachote maji ya sanduku na kuyamwaga tena humo kutoka juu, ili yashike hewa. Wakipokezana wawili, kila mmoja robo saa, samaki wataufikia mwanga wa asubuhi.